Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Saini ya Oslo Inasubiri Bunge

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 3 Desemba 2008, jijini Oslo, Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Mabomu ya Mtawanyiko. Haijauridhia. Nchi ambayo askari wake wamekufa Kongo wakilinda raia haistahili kubaki mlangoni wakati Burundi, Rwanda, Malawi, Zambia na Msumbiji zimeshaingia, na Sudan Kusini nayo ikajiunga mwaka 2023.

Bomu la aina hii hufunguka angani na kumwaga vibomu vingi. Roketi moja ya M26 hubeba 644. Eneo linalopigwa ni pana mno kumtenga askari na mkulima aliye shambani. Kisha kuna vile visivyolipuka. Kibomu kikitua kwenye tope au kikinaswa na matawi, kiwashio hakipati kishindo cha kutosha. Aina nyingine lazima zizunguke kwa kasi zikiwa hewani ndipo ziwe tayari kulipuka, na ganda likifunguka karibu mno na ardhi muda huo haupatikani. Laos ilimwagiwa vibomu zaidi ya milioni 270 kati ya 1964 na 1973, na inakadiriwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Vingi ni vya mviringo, vinaenea kiganjani, na watoto huviokota.

Wakazi wa Mbagala (Aprili 2009) na Gongo la Mboto (Februari 2011) wanajua maana ya silaha kutua uani, ingawa zile zilitoka kwenye maghala yetu wenyewe na hazikuwa za mtawanyiko. Na panya wanaofundishwa Morogoro kunusa vilipuzi wamesafisha ardhi Msumbiji, Angola na Kambodia. Utaalamu tunao, kinachokosekana ni karatasi.

Njia inajulikana. Wizara yako iandae waraka wa Baraza la Mawaziri pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wizara ya Ulinzi. Azimio liende bungeni chini ya Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, kisha hati ya kuridhia iwasilishwe kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mkataba haukubali kuweka masharti ya kujitoa kwenye vifungu, kwa hiyo hakuna cha kujadiliana upya.

Penye hatari ya kukwama ni baada ya hapo, kwenye sheria ya utekelezaji inayodaiwa na kifungu cha 9. Tunaomba mambo mawili yasiachwe. Kwanza, sheria itamke wazi kwamba inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, kwa kuwa chini ya Ibara ya 64(4) ikinyamaza haitavuka bahari. Pili, ikataze kupitisha silaha hizi nchini. Mkataba unakataza kuzihamisha na kumsaidia anayezitumia, lakini hautaji kupitisha kwa jina, na baadhi ya nchi zimeutumia ukimya huo. Kwa nchi yenye bandari ya Dar es Salaam, inayohudumia majirani wasio na bahari, hilo si jambo dogo.

Tutaambiwa kwamba kama hatuna silaha hizi hakuna haraka. Basi kama ghala ni tupu, kuridhia hakutugharimu bomu hata moja, na kama kuna chochote, kifungu cha 3 kinatoa miaka minane ya kukiteketeza. Haraka ipo: mwezi Machi 2025 Lithuania ilijitoa, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Mkataba unaoanza kumomonyoka unahitaji wanaoingia, na aliyetia saini tu huhudhuria mikutano kama mwangalizi, bila kura.

Hati ikiwasilishwa mwezi Machi, mkataba utaanza kutufunga tarehe 1 Septemba, na taarifa ya kwanza chini ya kifungu cha 7 itadaiwa ndani ya siku 180. Tunaomba wizara itangaze ni mkutano upi wa Bunge utakaopokea azimio hilo.