Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na nyote nawasalimu.

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Limerick, Ayalandi, kiwafundishe watoto historia ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu. Wao wanaucheza shuleni, sisi wazazi tunasimama pembeni ya uwanja hatujui tushangilie nini. Kazi hiyo imefanyika, na nimeifurahia kuliko kazi yoyote tangu mnichague.

Tulianzia kwenye ubingwa wa kwanza wa Ayalandi nzima, ule wa 1887. GAA, chama cha michezo hiyo, kilikuwa kichanga, kimezaliwa Thurles Novemba 1884. Mashindano yalikuwa ya mtoano, ukifungwa basi. Kaunti haikuunda timu teule kama leo, iliwakilishwa na klabu yake bingwa, na kaunti nyingi hazikushiriki kabisa. Mwishoni mwa mwaka GAA kikaingia kwenye mgogoro mkali wa uongozi, na fainali ikachezwa Aprili 29, 1888, Clonskeagh, Dublin. Wachezaji 21 kila upande. Commercials wa Limerick waliwashinda Young Irelands wa Dundalk, kaunti ya Louth, 1-4 kwa 0-3, yaani goli moja na pointi nne kwa pointi tatu bila goli.

Commercials ilikuwa klabu ya wafanyakazi wa maduka ya mji huu. Nilipowaeleza watoto hilo, binti mmoja ambaye kila Ijumaa humsubiri mama yake atoke zamu dukani aliuliza: "Kwa hiyo walikuwa wanafanya kazi kama ya mama?" Nikamjibu ndiyo. Tangu siku hiyo hajakosa mazoezi.

Mwezi Juni tulichomeka fito nne uwanjani: mbili za goli katikati, na moja nje ya kila upande. Zamani mpira ukipita kati ya fito ya goli na ya nje ilikuwa pointi, na goli moja lilizidi pointi zote, ziwe ngapi. Timu ya watoto wakubwa ilikusanya pointi tisa, ikalala kwa goli moja la dakika ya mwisho. Walilia kwa uchungu wa kweli, na hapo wakaelewa kwa nini mwaka 1892 goli lilipewa thamani ya pointi tano, kisha tatu mwaka 1896. Kwa hesabu hiyo ya tatu Limerick iliifunga Dublin 1-5 kwa 0-7 katika fainali ya 1896, tofauti ya pointi moja tu. Ubingwa wa mpira haujarudi hapa tangu wakati huo.

Jambo moja limetuumiza: ukumbi tuliolipia kwa sherehe ya watoto ulifutwa siku mbili kabla, na amana yetu bado haijarudishwa. Mhazini atawasomea hesabu zote.

Mwakani kamati inapendekeza msimu wa 1888, ambao haukupata bingwa. Mashindano yalikatika kwa sababu Septemba mwaka huo wanamichezo wa GAA wapatao 50 walipanda meli kwenda Marekani, na wengi hawakurudi. Naomba kila mzazi aje siku hiyo awasimulie watoto safari yake mwenyewe.

Fito nne bado ziko kwangu. Mwenye gari refu aniambie kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti