Mwachie Kipanya Mkononi

Mwanangu mpenzi,

Nimefika Masasi salama. Basi lilikaa sana pale Nangurukuru, lakini magharibi ilinikuta nyumbani, na mama yako alikuwa ameshanitengea maji ya kuoga. Anakusalimu sana. Amenihoji habari zako zote, mpaka kama friji bado inavuja. Nikamjibu kila alichouliza. Jambo moja tu sikumwambia yeye, wala wewe sikukwambia nilipokuwa huko Tabata, maana kila jioni ulikuwa na mwanafunzi na sikutaka kukukosoa mbele yake. Ndilo lililonikalisha mezani usiku huu.

Jumatano ile alipokuja yule kijana wa benki, mimi nilikuwa kwenye kochi na gazeti langu, mkadhani nasoma. Nilikuwa nawasikiliza. Mlikuwa kwenye sehemu ya data ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya biashara, swali la jedwali, mistari kama kumi na tano ya nchi na mauzo yake ya nje. Kijana alisoma swali nusu, akafungua kalkuleta ya kwenye skrini, akaanza kujumlisha. Ukasema, "Subiri, siyo hivyo." Ukachukua kipanya mkononi mwake, ukachagua safu ya tatu kwenye menyu ya kupanga, jedwali likajipanga upya, ukaweka kidole: "Jibu hili hapa." Haikufika hata nusu dakika. Kijana akasema, "Aaa, kumbe!" Ukafurahi, naye akafurahi, mkahamia swali lililofuata. Akafungua kalkuleta tena.

Hiyo "aaa, kumbe" naifahamu, mwanangu. Nimeisikia darasani miaka 34 na kwa miaka mingi nilidhani ndiyo kufundisha kwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, daftari lake safi kuliko yote, kila hesabu niliyoifanya ubaoni ameinakili mpaka mistari niliyopiga kwa rula. Kila nilipouliza "Mmeelewa?" yeye alikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Matokeo yalipotoka alikuwa amefeli hesabu. Alikuja nyumbani na lile daftari, akalifungua mbele yangu, akaniuliza, "Mwalimu, kosa langu liko wapi?" Nikapekua ukurasa hadi ukurasa. Halikuwa na kosa hata moja, kwa sababu kila uamuzi uliokuwemo mle ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeamua tuanze na nini, tuache nini, tusimame wapi. Yeye aliandika tu. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo likinijia silali vizuri.

Nakwambia haya kwa sababu mtihani unaoufundisha wewe unapima uamuzi huo huo niliomnyima yule mtoto. Ulinieleza mwenyewe: tangu Novemba 2023 walipoubadilisha, GMAT ina sehemu tatu zenye uzito sawa, hesabu, lugha na data, dakika 45 kila moja, alama za jumla kuanzia 205 hadi 805. Zamani, tangu 2012, maswali ya majedwali na grafu yalikuwa na alama zake pembeni, nje ya jumla, na mtu aliweza kuyapuuza. Sasa hawezi. Kisha wakahamishia sehemu ya data yale maswali ya kama taarifa zinatosha, ambayo awali yalikuwa upande wa hesabu. Na kalkuleta wameiruhusu sehemu ya data tu. Kwenye hesabu hairuhusiwi. Mimi nilipoyasikia hayo nilielewa kwamba watungaji hawana haja na mtu wa kujumlisha. Kujumlisha wamempa mashine. Wanataka kuona kama anajua kipi cha kujumlisha, na kama kuna haja.

Maswali ya utoshelevu ndiyo niliyoyapenda kupita yote, na ningekuwa wewe ningeanza nayo kwa kila mwanafunzi, hata yule anayelilia grafu. Unapewa swali na taarifa mbili. Hutakiwi kutoa jibu la swali. Unatakiwa kusema kama ya kwanza peke yake inatosha, kama ya pili peke yake inatosha, kama kila moja inajitosheleza, kama mpaka uziunganishe, au kama hata ukiziunganisha bado hazitoshi. Wanafunzi wetu tumewazoesha tangu darasa la kwanza kwamba kila swali lina jibu na kila namba iliyotajwa lazima itumike. Mtu wa namna hiyo, kusema "hazitoshi" kunamuuma kama kwamba ameshindwa.

Wewe umekulia kwenye korosho, kwa hiyo anza na korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie huku mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada. Bei ikitangazwa, kijiji kizima kinapiga hesabu. Basi siku moja niliuliza darasa: mzee mmoja amepeleka kilo 480, mnadani zimeuzwa shilingi 2,000 kwa kilo, je, ataingiziwa shilingi ngapi? Darasa zima likapiga kelele: 960,000! Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono polepole. "Mwalimu, na makato?" Baba yake alikuwa ametoka kulipwa wiki ile. Alijua kwamba kati ya bei ya mnada na fedha inayofika mkononi kuna ushuru, kuna usafirishaji, kuna fedha ya chama. Taarifa zote mbili tulikuwa nazo na hazikutosha. Siku ile sikuandika kitu ubaoni. Niliwaacha wabishane wenyewe mpaka kengele, na ndilo somo langu ninalolikumbuka vizuri kuliko yote.

Kuna mtego mwingine ambao kijana wako aliuingia mara mbili jioni ile, na mara zote mbili ulimpa jibu kabla hajajua kama amenaswa. Swali likiwa la ndiyo au hapana, anadhani "hapana" maana yake taarifa hazikutosha. Muulize hivi: je, mzee huyu ana mbuzi zaidi ya 10? Taarifa: mbuzi wake hawafiki 8. Atakwambia haitoshi, kwa sababu hajui ni wangapi hasa. Wewe nyamaza. Hesabu pumzi zako kama unaona shida kunyamaza. Mwache asikie mwenyewe alichokisema. Hawafiki 8, basi zaidi ya 10 haiwezekani, na "hapana" ya uhakika ni jibu kamili. Akilipata hilo kwa kinywa chake mwenyewe hatalisahau chumba cha mtihani. Ukimwambia wewe, atakuwa nalo mpaka Ijumaa.

Kwenye majedwali, mzuie kugusa kalkuleta mpaka akwambie kwa sauti kila safu inahesabu nini. Na akwambie kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Najua mtihani ni wa Kiingereza na lazima arudi kwenye Kiingereza. Lakini nimeona wengi wanaosoma sentensi ya Kiingereza kwa ulaini kabisa na hawajui imesema nini. Mtu akilieleza jedwali kwa lugha aliyoota nayo jana usiku, utaona hapo hapo palipo na pengo. Asilimia ngapi ya fulani, na asilimia ngapi zaidi ya fulani, ni mambo mawili tofauti, na kwa Kiswahili hawezi kuyapitia kwa kasi bila kujikwaa. Kutoka 40 kwenda 50 ni ongezeko la asilimia 25. Kurudi kutoka 50 hadi 40 ni punguzo la asilimia 20. Hata baadhi yetu walimu tulikuwa tunajikwaa hapo.

Mpe data za kwetu kabla ya zile za nchi asizozijua. Chukua sensa. Mwaka 2012 Tanzania tulikuwa 44,928,923, na Dar es Salaam 4,364,541. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120, na Dar 5,383,728. Muulize: Dar imekua au imepungua? Atacheka, atasema imekua, watu zaidi ya milioni moja wameongezeka, tena foleni za Ubungo anaziona kila asubuhi. Sasa muulize sehemu ya Dar katika nchi nzima. Mwaka 2012 ilikuwa kama asilimia 9.7. Mwaka 2022 ni kama 8.7. Idadi imepanda, sehemu imeshuka, kwa sababu nchi kwa jumla imekua kwa kasi kuliko jiji: nchi kwa asilimia kama 37, Dar kwa kama 23. Mimi mwenyewe nilipozipiga mara ya kwanza nilirudia, nikidhani nimekosea. Namba nne tu, na ndani yake mna nusu ya mitego ya sehemu nzima ya data. Mwache abaki nazo hata dakika ishirini.

Najua utaniambia: baba, muda hautoshi, maswali ni 20 kwa dakika 45. Ni kama dakika mbili na robo kila moja, na yale ya vyanzo vingi, yenye kurasa mbili tatu za kufungua na kufunga, yanakula zaidi. Ni kweli. Lakini kasi ifuate baadaye. Wiki za kwanza ondoa saa mezani. Akishazoea kuamua, ndipo umrudishie saa, na umfundishe kuweka alama kwenye swali la kurudia, maana wanaruhusu kubadilisha majibu matatu kwa kila sehemu. Na yale majaribio mawili ya bure ya wenye mtihani wenyewe, usimpe wiki ya kwanza kama ulivyotaka kufanya. Yakishatumika yametumika.

Nilisikia pia akikuomba umtafutie maswali "yaliyovuja". Ulikaa kimya, na kimya kile sikukipenda. Mkatalie waziwazi. Wakigundua wanafuta alama za mtu, na baada ya hapo ataingia darasa la biashara akiwa hawezi kusoma jedwali la kampuni aliyokabidhiwa.

Haya yote sikuyaandika kwa kukushusha. Nilikutazama ukifundisha na moyo ulinijaa. Una subira ya mama yako na sauti yangu. Ni mkono wako tu unaotangulia kabla ya mwanafunzi. Wangu ulikuwa hivyo hivyo, na ulikuwa umeshika chaki.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Nimekutungia maswali kumi ya utoshelevu, mengi ya korosho, mawili ya daladala, moja la ndoo za maji za mama yako. Majibu nimeyaacha hapa kwenye droo, na usinipigie simu kuyaomba. Yafanyeni wote wawili, wewe na kijana wa benki, kila mtu kwenye karatasi yake. Mtakapotofautiana, nipigie uniambie ni swali la ngapi na yeye alisema nini. La kwako utaniambia baadaye.

Korosho kilo mbili nimempa dereva wa basi la asubuhi, mama yako kazibangua mwenyewe.

Baba yako