Barua ya wazi kwa mdogo wangu: kabla hujanunua lenzi ya kuvuta jengo la mbali

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Picha zako za lile jengo la ng'ambo ya bonde zimenifikia, pamoja na swali lako la ununue lenzi gani. Usinunue kwanza. Kinachoziharibu picha hizo ni mahali uliposimama na hewa iliyo kati yako na jengo, na hakuna lenzi inayotibu hayo mawili.

Tuanze na hesabu. Kimo cha jengo ndani ya kamera ni kimo chake halisi, zidisha kwa urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), kisha gawa kwa umbali. Jengo la mita 30 lililo kilomita 1 kutoka kwako, ukilipiga kwa lenzi ya milimita 50, linapata milimita 1.5 tu za kihisi, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kihisi cha fremu kamili kina kimo cha milimita 24, kwa hiyo jengo ni sehemu moja ya kumi na sita ya picha. Ndiyo maana umelazimika kulionyesha kwa mshale! Kwa milimita 200 linafika milimita 6, yaani robo, na robo inatosha kabisa kwa picha ya mandhari. Zumu uliyo nayo inafika hapo.

Sasa miguu. Ukiona jengo dogo unasogea mbele, na mara nyingi unajiharibia. Chukua mti ulio mita 20 mbele yako na jengo lililo mita 1,000. Ukirudi nyuma mita 100, mti unakuwa mita 120 na kimo chake pichani kinapungua mara sita. Jengo linakuwa mita 1,100 na linapungua kwa asilimia 9 tu. Vuta zumu kufidia, na mti uliokuwa ukilimeza jengo utabaki kichaka kidogo chini yake. Kuvuta zumu bila kuhama hakubadilishi uwiano huo hata kidogo, kunakata kingo tu. Vivyo hivyo pembeni: hatua kumi kushoto au kulia hazilihamishi jengo kwa kiasi cha kuonekana, lakini nguzo ya umeme iliyo karibu inaondoka kabisa. Na tafuta mwinuko. Paa likichorwa juu ya anga jicho hulipata mara moja, ila likizama kwenye kilima cha rangi ileile nyuma yake, hakuna uhariri utakaoliokoa.

Hewa ndiyo inayowasumbua wengi. Chembe za hewa, vumbi na unyevu hutawanya mwanga, na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi ya mwekundu. Matokeo yake ni utando wa kijivu-buluu: weusi wa madirisha unakuwa kijivu, na kwenye histogramu (grafu ya mwanga wa picha, weusi kushoto na weupe kulia) unaona kilima kimoja katikati huku upande wa kushoto ukiwa mtupu. Dawa ya kwanza ni saa. Piga asubuhi mapema, au mara tu mvua inapokatika ikiwa imeosha vumbi. Jua likiwa mbele yako utando wote unang'aa. Likiwa mgongoni mwako utando unapungua, ila kuta zinakuwa bapa. Likitoka ubavuni na likiwa chini, nguzo, kingo za madirisha na mikunjo ya paa hupata vivuli, na jengo linapata umbo. Mimi ningechagua ubavuni.

Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachozuia sehemu ya mwanga uliotawanyika, husaidia kwa masharti. Nguvu yake kubwa iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha dole gumba, kisha zungusha kiganja: kokote dole gumba linakoelekea, huko inafanya kazi. Inakula stopu 1 hadi 2 za mwanga (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), na kwenye lenzi pana, inayoona eneo kubwa, inaacha anga lenye doa jeusi upande mmoja. Kwa ukungu mzito wa matone ya maji haifui dafu. Ile filta ya UV (ya kuzuia miale ya urujuanimno) uliyoiacha juu ya lenzi iondoe, kwani kihisi cha kidijitali karibu hakiuoni mwanga huo, na kioo cha ziada kinaleta mng'ao usiotakiwa. Siku ya utando mwingi, geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ukitegemea chaneli nyekundu, yaani sehemu ya picha iliyorekodi mwanga mwekundu. Utando wa buluu utapungua sana.

Lipo tatizo jingine linalofanana na fokasi mbovu lakini silo: mawimbi ya joto. Mchana, hewa inayopanda kutoka kwenye lami na mapaa inapinda mwanga, na mistari ya jengo inacheza. Tripodi, stendi ya miguu mitatu, haizuii hilo, na lenzi ndefu inalikuza. Usipige juu ya lami wala mabati kama unaweza kupita juu ya majani au maji. Usipige pia kupitia dirisha lililo wazi ikiwa joto la chumbani na la nje vinapishana, maana hewa inachanganyika palepale mbele ya lenzi. Ukikosa njia, piga mfululizo wa fremu 15 hivi, kisha chagua ile ambayo mistari imetulia.

Kwenye kamera: tundu la lenzi linalopitisha mwanga liweke f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo). Ukifunga hadi f/16 na kuendelea, mwanga unapinda kwenye kingo za tundu na picha nzima inalainika. Wala huhitaji kufunga zaidi, kwani kwa milimita 200 na f/8, ukifokasi kwenye jengo la kilomita 1, kila kitu kuanzia mita 143 hivi kitakuwa kikali. Usizungushe pete ya fokasi mpaka mwisho, lenzi nyingi huvuka alama ya mbali kabisa. Kuza picha kwenye skrini mara 10, fokasi kwa mkono kwenye ukingo wa dirisha, halafu usiguse tena. Ukishika mkononi, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) isiwe chini ya sekunde 1/200, na 1/400 ni salama zaidi. Kwenye tripodi tumia kipima muda cha sekunde 2, shusha nguzo ya kati, na uzime kitulizaji cha lenzi (kifaa cha ndani kinachopunguza mtikisiko) kama ni ya zamani, maana nyingine hutetemeka zenyewe zikikosa mtikisiko wa kutuliza.

Kwa simu, zumu ya kidijitali ni kukata picha tu. Tumia lenzi ya mbali yenyewe, na uhakikishe ndiyo inayofanya kazi: ifunike kwa kidole. Skrini isipoingia giza, simu imeamua kutumia lenzi kuu na kukata, jambo ambalo simu nyingi hulifanya mwanga ukipungua.

Kukata si dhambi, lakini pima. Faili la megapikseli 24, yaani 6,000 kwa 4,000, ukilikata nusu kila upande linabaki megapikseli 6. Hilo linachapika vizuri kwa sentimita 25 kwa 17 hivi.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kuwa picha ya kawaida. Katika kuhariri, teremsha weusi kwanza mpaka histogramu iguse kushoto, ndipo uongeze kidogo kitelezi cha kuondoa utando, na ukiweke kwenye jengo na vilima vya mbali pekee. Ukikiweka picha nzima, miti ya karibu itakuwa kama imepakwa masizi. Angalia ukingo wa paa ukiwa umekuza asilimia 100: ukiona mstari mweupe unalizunguka jengo, umezidisha. Usiondoe utando wote, kwani jicho huupima umbali kwa utando huohuo, na jengo lisilo nao huonekana limebandikwa.

Ukipiga tena, nitumie faili la RAW lenyewe kama dokumenti. Ukilituma kama picha ya kawaida, programu ya ujumbe italibana, na sitajua ukungu upi ni wa hewa na upi ni wa kubanwa.

Wako,
Kaka