YAH: Malalamiko ya kutobolewa paa la gari langu bila ruhusa na kujibiwa kwa dharau

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima ingawa hasira ninayo na siifichi. Historia ya oda yangu ya keria ya kubebea mizigo juu ya paa siianzi hapa manake fomu mnayo, risiti mnayo, na sera yenu ya kufunga na kubadilisha bidhaa mmeiandika wenyewe, mnaijua kuliko mimi. Naanza na drili.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja nikasikia drili inalia nje. Kazi yangu haikuwa na drili hata kidogo, ni vyuma viwili vya keria vya kukatisha paa na miguu minne ya kubana kwenye gata, ule mfereji wa maji pembeni ya paa, kazi ya spana basi. Nikatoka mbio nikakuta fundi yuko juu ya Land Cruiser yangu, 80 Series ya 1994, paa limeshatobolewa na chenga za chuma zimetapakaa kwenye rangi. Nikauliza nani kaagiza hii? Msimamizi wenu wa zamu akanijibu mbele za watu, "Mzee, gari lenyewe la 94, matundu mawili matatu yataliua?" Wateja wengine wakacheka.

Sasa hebu nisikilizeni kuhusu hiyo gata manake ndo kiini cha yote. Gari la zamani kama langu lina gata ya maji kila upande, kuanzia mbele mpaka nyuma, pale bati la paa linapoungana na ubavu wa gari, na ndo sehemu ngumu. Mguu wa keria ukiubana pale mzigo unashuka kwenye nguzo za gari. Katikati ya paa ni bati jembamba tu lililokunjwa, halikuwekwa pale libebe hema na madumu kwenye barabara ya mawe. Na gata ina raha nyingine, haina tundu maalum, unasogeza mguu mbele au nyuma unavyotaka mpaka vyuma vikae umbali unaoendana na mzigo wako, na siku ukitaka kutoa unafungua nati unaondoka, paa liko kama lilivyotoka kiwandani. Mtu anayetunza gari la umri huo anajua thamani ya paa ambalo halijaguswa. Magari mengi ya baadaye hayana gata, ndo maana yakatengenezewa miguu mingine na reli nyingine kabisa.

Na nyie kwenye fomu mliniuliza, na nikajaza, kwa mkono wangu: mwaka, modeli, gata ipo, sanruf (dirisha la kwenye paa) haipo, picha ya gata nikaituma WhatsApp kwenye namba yenu na mkajibu "sawa imepokelewa". Halafu stoo wakatoa reli za kufunga kwa bolti kwenye bati, za magari yasiyo na gata! Kati ya stoo na drili hapakuwa na mtu hata mmoja wa kusoma karatasi.

Mimi sisemi reli za kutoboa ni mbaya. Kuna watu wanafunga na zinadumu miaka, lakini silingi inashushwa kwanza ili fundi aone anatoboa wapi, ndani kunawekwa bamba la kusambaza uzito, ukingo wa tundu unapigwa praima ya kuzuia kutu kabla ya bolti kuingia, kunapakwa silikoni ya nje inayostahimili jua, chenga zinafutwa siku hiyo hiyo kwa sababu zikilala kwenye rangi zinaota kutu na kuacha madoa. Na kabla ya yote hayo mwenye gari anaulizwa. Kwangu hamkufanya hata moja.

Tena narudi kwenye ile siku kwa sababu nadhani mlichoandikiwa kwenye ripoti yenu si kilichotokea. Nilipofika pale nilisema kwa sauti, "Zima hiyo drili." Fundi akamwangalia msimamizi. Msimamizi akamwonyesha kwa mkono endelea. Yani nimesimama chini ya gari langu mwenyewe, nasema acha, na tundu lingine linatobolewa huku naangalia! Ndo akasema yale maneno ya gari la 94, na alipoona sicheki na wao akaitupa fomu yangu juu ya boneti akasema, "Ungetaka mambo ya gata ungesema." Fomu imeandikwa gata. Ipo juu ya boneti, neno gata linaonekana, kidole changu kiko juu yake, na yeye kashageuka anaongea na mteja wa gari jipya. Mi ni mtu mzima nina wajukuu, sijawahi kugeuziwa mgongo hivyo na kijana ninayemlipa hela yangu.

Kabla ya hapo pia, asubuhi ile ile kaunta, niliuliza swali dogo tu. Kwenye boksi la keria pameandikwa mwisho wa mzigo kilo 75, nikauliza hizo 75 ni gari likitembea au likisimama, na porini inashuka mpaka ngapi? Dada wa kaunta akasema "ni hizo hizo". Sio hizo hizo. Hema la kulalia juu ya gari linafika kilo 60, ukiongeza vyuma vyenyewe na miguu umeshakaribia mwisho gari likiwa linatembea, manake uzito wa keria nao unahesabiwa kwenye kile paa linachoruhusiwa. Usiku gari limesimama watu wawili wakipanda kulala unapita kilo 200, na hapo ndo kinaangaliwa kiwango kingine cha gari lililosimama. Na kwenye barabara mbovu watengenezaji wengi wanapunguza kile cha kutembea kwa sababu kila shimo ni kipigo kwenye bolti. Kiwango cha gari, cha vyuma na cha miguu vinalinganishwa, na unafuata kile kidogo kuliko vyote. Mtu anayeuza keria asipojua hivyo anauza hatari, mzigo unachomoka mbele ya gari la mwenzako.

Mvua ya kwanza maji yakaingia. Silingi imelowa, imeota doa kutoka taa ya kati mpaka nyuma, na taa yenyewe sa hivi inawaka inazima. Nikapiga simu mkaniambia "weka silikoni mzee". Niweke mimi? Kwenye matundu mliyotoboa nyie?

Siku ile nilichotaka kilikuwa kidogo, mnirudishie hela, nitafute miguu ya gata kwingine yaishe. Sasa hivi hiyo haitoshi. Nataka hela yote ya vifaa na ya ufundi. Nataka paa litengenezwe na fundi wa bodi nitakayemchagua mimi na sio wenu, matundu yazibwe kwa kuchomelewa, lipakwe praima na rangi paa zima sio kiraka, na bili ije kwenu. Silingi na taa vivyo hivyo. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye jina na sahihi ya huyo msimamizi, ikisema wazi kwamba aliambiwa asitoboe akaendelea kutoboa. Ujumbe wa simu siupokei, na vocha ya kununulia tena kwenu ndo kabisa msinitajie.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Picha za matundu ninazo, za chenga kwenye rangi, za doa la silingi, ya fomu juu ya boneti, na ile WhatsApp yenu ya "imepokelewa" ipo na tarehe yake. Siku hizo zikipita kimya napeleka kila kitu kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili wangu, na hapo nitadai pia fidia ya kukaa bila gari na ya kudhalilishwa mbele za watu. Na msinipigie kunibembeleza, jibuni kwa maandishi.

Gari halitarudi kwenu. Reli zenu nitazifungua na kuziweka kwenye boksi lake, mje mzichukue wenyewe.

Wenu,
Mteja mwenye 80 Series ya 1994, namba ya oda mnayo