Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kelele za ndege na anayelipia utulivu

Wanachama wenzangu,

Mwezi uliopita niliketi nyuma ya darasa katika shule moja jirani na uwanja wetu wa ndege wa Kisumu. Mwalimu alikuwa akifundisha kugawanya. Ndege ilipoanza kupaa alinyamaza, chaki ikiwa bado ubaoni, akangoja. Watoto nao wakangoja bila kuambiwa. Wamezoea, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo mwaka huu kamati ilipunguza barua za malalamiko, ikakaa kujifunza kelele inatoka wapi na nani hugharamia kuipunguza. Injini ya jeti hunguruma hasa kwa sababu hewa hutoka nyuma kwa kasi kali na kuvurugana na hewa tulivu ya nje. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza, James Lighthill, alionyesha kwamba ukipunguza kasi hiyo kwa nusu, nguvu ya kelele yake hushuka mara 256 hivi. Ndiyo maana injini za leo zina feni pana mbele: husukuma hewa nyingi polepole, badala ya hewa kidogo kwa kishindo.

Maarifa haya hayakuja bure. NASA, shirika la anga la Marekani, kwa fedha za umma wa huko, imekuwa ikijaribu injini tulivu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2008 Ulaya ilianzisha Clean Sky, mpango wa utafiti wa ndege safi na tulivu zaidi, wa euro bilioni 1.6, nusu ikitoka Umoja wa Ulaya na nusu kwa kampuni zenyewe. Ukiziona ndege za Boeing 787 za Kenya Airways pale Nairobi, tazama nyuma ya injini: ukingo una meno kama ya msumeno, ya kuchanganya hewa taratibu. Meno hayo yalijaribiwa na NASA pamoja na watengenezaji.

Baadhi yenu mmeniuliza hilo linatuhusu nini, nasi hatuundi injini. Linatuhusu sana. Kiwango cha kelele cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kilichoanza mwisho wa 2017 kwa ndege kubwa, kinabana ndege za miundo mipya tu, na ndege moja huruka miaka 25 na zaidi. Tukinyamaza, utulivu huo utatufikia wajukuu wetu wakiwa watu wazima.

Serikali yetu ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti, uliowekwa na sheria ya 2013. Naomba kwa dhati mkutano huu uniruhusu kuuandikia, ili ugharamie chuo kikuu cha huku magharibi kupima kelele katika mitaa ya Usoma na Kogony, usiku na mchana, kwa mwaka mzima. Kanuni za kelele za 2009 tunazo, lakini bila vipimo vyetu tutakwenda mezani mikono mitupu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kabla ya kuondoka, kila nyumba ichukue daftari kwa katibu: andikeni saa ya kila ndege inayowaamsha, kuanzia usiku wa leo.