Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaochambua Picha za Ubongo Zilizorudiwa

Wanangu,

Nawasalimu nyote mlioingia katika kazi ya kumpiga mtu picha ya ubongo leo, kumwita tena baada ya mwaka, na kumwita tena baada ya mwaka mwingine, ili ijulikane ni nini kilichobadilika. Nimesoma kazi zenu kwa makini, na naona mna programu nzuri na kompyuta zenye nguvu kuliko tulizokuwa nazo sisi. Neno langu kwenu ni moja: ziara zote za mtu zitendewe sawa, tangu kwenye mashine hadi kwenye hesabu ya mwisho, kwa kuwa mabadiliko mnayoyatafuta mara nyingi ni madogo kuliko makosa yanayozuka pale ziara moja inapotendewa tofauti na nyingine.

Chukueni hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa mtu mzima ina ujazo wa takriban sentimita 3 za ujazo kila upande. Uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba wazee wasio na maradhi hupoteza karibu asilimia 1.4 ya ujazo huo kwa mwaka, na wenye ugonjwa wa Alzheimer karibu asilimia 4.7. Asilimia 1.4 ya sentimita 3 za ujazo ni milimita 42 za ujazo, yaani, katika picha yenye vokseli (vichembe vya mchemraba vinavyoiunda picha) za milimita 1 kila upande, ni vokseli 42 tu, zilizotawanyika kwenye ukingo ambao wenyewe una vokseli mamia mengi. Mtu akitikisika kidogo ndani ya mashine, tabaka la kijivu, yaani gamba la nje la ubongo, hupimwa kuwa jembamba kuliko lilivyo. Akija jioni badala ya asubuhi, au akija akiwa hajanywa maji ya kutosha, ujazo unaopimwa husogea. Mashine ikifanyiwa ukarabati mkubwa katikati ya utafiti, watu wote huonekana wamebadilika siku moja. Kwa hiyo andikeni saa ya kila picha, toleo la programu ya mashine na kiasi cha mtikisiko, na muwe nayo wakati wa kuchambua, maana jambo lisiloandikwa siku ile haliwezi kurekebishwa baadaye kwa hesabu yoyote.

Hatari iliyo kubwa zaidi haiko kwenye mashine, iko kwenye maandalizi ya picha. Mtafiti anayetaka kulinganisha picha mbili huona ni jambo la kawaida kuiacha ya kwanza ilivyo na kuisogeza ya pili hadi ilale juu yake. Kusogeza huko hulazimisha thamani za vokseli zikadiriwe upya, na kukadiria upya hulainisha picha. Basi ya kwanza inabaki kali, ya pili inafifia kingo, na tofauti hiyo ya ulaini inasomwa kana kwamba ni kusinyaa kwa ubongo. Ni sawa na kumpima mtoto urefu akiwa na viatu, kisha kumpima tena akiwa pekupeku, na kutangaza kwamba amefupika.

Msidhani kwamba haya huwapata wanagenzi peke yao. Katika data za ADNI, mradi wa Marekani wa kufuatilia ugonjwa wa Alzheimer kwa picha za ubongo, ulioanza mwaka 2004, ziliwahi kuchapishwa kasi za kusinyaa zilizoonekana kuwa kubwa mno katika miezi ya mwanzo kisha kutulia, na mwaka 2011 watafiti Thompson na Holland walionyesha kwamba sehemu ya kasi hiyo ilitokana na njia ya kulinganisha picha isiyotendea ziara zote sawa. Hoja yao inaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Chora mabadiliko kwa mhimili mmoja na muda kwa mhimili mwingine, kisha urefushe mstari kurudi hadi siku ya sifuri. Ubongo hauwezi kuwa umesinyaa siku ileile uliyopigwa picha ya kwanza. Kama mstari wako haupiti karibu na sifuri hapo, na huna sababu ya kuamini kwamba kasi yenyewe ilibadilika katikati, kuna kitu kilichoongezwa na programu yako. Kipimo cha pili ni chepesi zaidi: badilisha mpangilio, mpe kompyuta picha ya pili kama ndiyo ya kwanza, na uone kama jibu linageuka alama tu (kupungua kuwa kuongezeka) na kubaki na ukubwa uleule. Tiba inayotumika siku hizi ni kuunda kiolezo cha kati, yaani picha ya wastani, kutokana na picha zote za mtu mmoja, kisha kila picha, hata ile ya kwanza, isogezwe kuelekea kiolezo hicho.

Upendeleo huohuo hujipenyeza kwenye takwimu. Asilimia ya mabadiliko ikigawanywa kwa kipimo cha kwanza, kosa la siku ile linaingia kwenye tofauti na kwenye kigawanyo pia; mkigawanya kwa wastani wa vipimo vyote viwili, mnapunguza dosari hiyo. Na kama mliwachagua watu kwa sababu hipokampasi zao zilionekana ndogo siku ya kwanza, basi siku ya pili wengi wataonekana wamepata nafuu bila dawa yoyote, jambo ambalo mwanasayansi Francis Galton alilieleza tangu mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao.

Kwa uchambuzi wenyewe, nawashauri mzoee modeli ya athari mseto, ambayo wanatakwimu Laird na Ware waliiweka wazi mwaka 1982. Inampa kila mtu kianzio chake na kasi yake, inakubali ziara zilizopishana muda, na haimfukuzi mtu aliyekosa ziara moja. Umri msiuweke kama kigezo kimoja. Tenganisheni wastani wa umri wa mtu katika ziara zake zote na umbali wa kila ziara kutoka wastani huo, kwa maana tofauti kati ya mwenye miaka 60 na mwenye miaka 80 imechanganyika na tofauti za vizazi, ilhali tofauti ya mtu na nafsi yake haina mchanganyiko huo. Tena, kundi moja likibadilika kwa kiwango kinachokubalika kitakwimu na jingine lisifikie kiwango hicho, bado hamjaonyesha kwamba makundi yanatofautiana. Ni lazima tofauti yenyewe ya kasi ijaribiwe. Mapitio ya mwaka 2011 yalikuta makala 157 za sayansi ya neva zilizohitaji kufanya ulinganisho huo, na 79 kati yake zilikosea. (Mimi huomba kuona grafu yenye mstari wa kila mtu kabla sijasoma jedwali lolote, na sioni haya kuomba.)

Kuna pia ziara ambazo hazikufanyika. Mwaka 2000, mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba madereva wa teksi wa London wana hipokampasi kubwa zaidi upande wa nyuma, lakini picha za mara moja haziwezi kusema kama kazi iliikuza au waliokuwa nayo ndio waliofaulu. Ndipo Woollett na Maguire walipowafuata wanafunzi 79 wa udereva huo, wakachapisha mwaka 2011: waliofuzu walikuwa 39, na kwao sehemu hiyo ilikuwa imeongezeka. Kati ya 40 waliosalia, waliorudi kupigwa picha ya pili walikuwa 20. Utafiti ule naustahi sana, lakini nawauliza: wale wengine 20 walikuwa na ubongo wa namna gani? Modeli mseto hutoa jibu la haki pale kutorudi kwa mtu kunapoelezeka kwa yale tuliyokwisha kuyapima kwake. Haiwezi kitu pale mtu anapokosa kuja kwa sababu ya kuzorota ambako hatukukuona. Mpigieni simu asiyekuja, muulizeni sababu, na iandikwe.

La mwisho ni la bajeti. Mkiwa na mpango wa picha mbili kwa miaka miwili na mtu akawaambia kwamba ya tatu katikati itaongeza usahihi wa kasi, msimkubalie upesi: kama mabadiliko yanakwenda kwa mstari ulionyooka, picha ya katikati kabisa haiongezi usahihi wa kasi hata kidogo, ilhali kuongeza muda maradufu hupunguza kosa lake kwa nusu. Hata hivyo ipiganieni picha hiyo. Kwa picha mbili pekee hamwezi kutenga mabadiliko halisi ya mtu na kosa la kipimo, wala kujua kama mstari umepinda, na mfadhili anayeelezwa hivyo kabla ya utafiti kuanza ni rahisi kumshawishi kuliko anayeelezwa baada ya fedha kwisha.

Ni mimi mzee wenu katika kazi hii.