Kabla ya Kumnunulia Mama Pete, Itazame Mikono Yake

Wateja wengi huja na picha kwenye simu: pete yenye jiwe kubwa la bluu, ya kumpa mama aliyetimiza miaka 60 au mke siku ya kumbukumbu ya ndoa. Kabla ya bei, sisi masonara huuliza mikono ya mpewaji inashinda wapi. Mama anayevuna viazi Uporoto, au mchuma chai wa Tukuyu na Mufindi, akipewa pete yenye jiwe lililoinuka itanasa kwenye gunia siku ya kwanza, na ya pili itakuwa imeshafungiwa sandukuni. Huyo mpe hereni au mkufu. Pete akiitaka hasa, iwe ya duara tupu, isiyo na jiwe.

Tanzanaiti, jiwe la bluu linaloombwa sana, inapendwa kwa kuwa ni yetu, na inachimbwa Mererani tu, ilikogunduliwa 1967. Lakini ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za kwazi, madini ya mchanga, zenye ugumu wa 7. Ukiifuta ikiwa na vumbi kwa kitambaa kikavu, unaipiga msasa. Isuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kamwe yasiwe ya moto, maana joto la ghafla huipasua. Tunashauri iwe kwenye hereni au kidani. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, safaya (yakuti ya bluu) ya Tunduru au Songea ina ugumu wa 9, na nzuri zake hazina sababu ya kuionea tanzanaiti wivu.

Kuhusu dhahabu, namba ndiyo inayosema. Karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika 1,000, karati 18 ina 750, karati 14 ina 585 na karati 9 ina 375. Zinazobaki mara nyingi ni shaba na fedha. Karati 22 inang'aa vizuri harusini ila ni laini. Kwa mkono wa kazi chukua 18 au 14. Mhuri wa 750 peke yake usikutosheleze, kwani mhuri anaweza kuugonga yeyote. Omba ipimwe kwa asidi au mashine, iwekwe kwenye mizani ukiona, na risiti iandikwe gramu na karati. Jaribio la sumaku halisaidii sana: shaba nyekundu na ya njano nazo hazivutwi.

Kwa watu wa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna jambo la ziada. Zebaki huikamata dhahabu, ndiyo maana hutumika kwenye makarasha, yaani mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Pete ikiigusa hugeuka nyeupe na kuanza kukatika. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki hufanya vivyo hivyo, hilo nalo wengi hawalijui. Usiichome nyumbani ili rangi irudi, kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu. Ilete, lakini mwambie sonara kabla hajawasha moto.

Kinachorudisha pete nyingi kwetu ni kipimo. Usitumie uzi, unavutika. Kata karatasi yenye upana wa mm 5, izungushe shina la kidole, weka alama inapokutana, kisha pima kwa rula. Ukipata mm 54, gawanya kwa 3.14: kipenyo cha ndani ni mm 17.2. Rudia mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, na uchukue cha jioni kama tofauti si kubwa. Baridi hukaza vidole, joto huvivimbisha, hivyo pete iliyopimwa Makete alfajiri ya Julai itabana ikifika Kyela saa nane mchana. Kiungo kikiwa kinene kuliko shina, pima pote pawili na uchague katikati. Pete yenye upana unaozidi mm 6 iongezee mm 1 ya mzunguko. Kama ni zawadi ya siri, azima pete anayoivaa kwenye kidole hichohicho na upime kipenyo cha ndani, si cha nje.

Kupanuliwa baadaye inawezekana kwa pete tupu: hukatwa, kipande huongezwa, hulehemiwa na kusuguliwa. Yenye mawe kuizunguka yote haipanuliki vizuri. Yenye tanzanaiti lazima jiwe litolewe kwanza, na hiyo ni gharama nyingine.

Kwenye mkufu angalia kile kipete kidogo kinachoshika kifungio. Kama hakijalehemiwa, ndipo utakapokatikia. Sentimita 45 hukaa kwenye mtulinga kwa shingo ya wastani, ila kwa mama mnene anzia 50. Cheni ya mtindo wa nyoka ikikunjika hainyooki tena. Kidani kisizidi uzito wa cheni, la sivyo kitaisaga pete kwa pete.

Maandishi ndiyo yanayoifanya zawadi iwe yake. Ndani ya pete ya mzunguko wa mm 54 huingia herufi kama 20 zenye kimo cha mm 1.5, zikiwa ndogo zaidi hufutika haraka. Tarehe na neno moja hutosha. "Ndaga" (asante) kwa mama wa Kinyakyusa lina herufi tano tu na linasema kuliko sentensi ndefu ya mapenzi. Liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na usaini, kwa sababu kosa la tahajia halifutiki bila kupunguza unene. Na hakikisha saizi kabla ya kuandika, si baada.

Ukileta hereni za marehemu bibi ziyeyushwe kuwa pete, zipimwe karati kwanza: lehemu za zamani hushusha kiwango, na uzito hupungua kidogo motoni. Ushauri wetu ni kubakiza walau moja kama ilivyo. Dhahabu mbichi ya Chunya tunaipokea na karatasi za soko la madini tu.

Kwa kazi ya kutengenezwa upya, agiza wiki tatu kabla ya shughuli, ukija na kipimo cha mm, neno la kuandikwa na picha ya vitu anavyovaa sasa, si vile unavyotamani avae.